Ulimi Tunao, Shahada Iko Wapi?

Kuna watu wadhanio kwamba kazi ya ubalozi ni kuvaa suti, kupanda gari lenye bendera na kunywa chai na wakubwa. Na wako wengine, hasa huku kwetu pwani, wadhanio kwamba ni kazi ya ulimi tu: mtu akijua kusema, akijua kuamkia na kuagana, basi yatosha kumpeleka mbele ya wafalme. Wote hawa wamepotea njia, lakini dhana hii ya pili ndiyo inayotugharimu sisi, na ndiyo nitakayo kuizungumza leo.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Wajuzi wa lugha walizifuata nyayo za neno balozi wakafika nalo mpaka Venice, mji wa Kitaliano uliojengwa juu ya maji, ambao ulikuwa na mwakilishi wake katika mji wa Istanbul akiitwa bailo. Waturuki wakalitamka kwa namna yao, balyoz, likapita kwa Waarabu wa Ghuba ambao waliwaita hivyo makonsuli wa Kiingereza, kisha likavuka bahari hadi kwetu. Jirani zetu wa Tanzania wamelipa kazi nyingine tena, wakamwita balozi yule aongozaye nyumba kumi za mtaa. Ndiyo safari ya maneno. Hayaombi pasi wala viza.

Nimeanza na Venice kwa sababu. Watu wale walikuwa wafanyabiashara, na mambo yao yote na Waturuki yalipita katika vinywa vya wakalimani wa kuajiriwa ambao wao hawakuwa na hakika nao. Utajuaje kama maneno yako yamefika kama ulivyoyasema, ikiwa humjui ayabebaye? Mwaka 1551 wakaamua kupeleka vijana wao wenyewe Istanbul, wakae katika nyumba ya bailo wajifunze Kituruki mpaka wakijue. Waliitwa vijana wa lugha. Wafaransa nao wakaiga mwaka 1669. Na mwaka 1754 Maria Theresa, aliyekuwa akitawala Austria, akafungua chuo mjini Vienna ambapo vijana walifunzwa Kituruki, Kiarabu na Kiajemi wapate kuitumikia dola yao mbele ya Sultani. Chuo hicho kilipita katika misukosuko mingi, lakini hata leo Vienna kuna Chuo cha Diplomasia kinachojihesabu kuwa mrithi wake.

Mmoja katika wanafunzi wa chuo hicho alikuwa Joseph von Hammer-Purgstall. Alikwenda kutumikia Istanbul, na katika kazi yake akaifasiri diwani ya Hafidh kwa Kijerumani, ikachapishwa mwaka 1812 na 1813. Tafsiri hiyo ikamfikia Goethe, mshairi mkuu wa Wajerumani, naye ikamtia hamu akatunga diwani yake iliyotoka mwaka 1819. Mimi ni mtu wa mashairi, kwa hiyo msomaji atanisamehe nikilifurahia jambo hilo kuliko mikataba yote aliyoiandika bwana yule.

Sasa zingatia, ndugu msomaji. Dola kubwa ya Ulaya ilitoa mali kujenga chuo ili watoto wao waijue lugha ambayo mtoto wa Lamu, wa Mombasa na wa Malindi huianza akiwa na umri wa miaka mitano, kwa alifu kwa ujiti, juu ya ubao, na ada yake ni ile ndogo apewayo mwalimu. Sisi twaanza pale ambapo wao walilipa dhahabu kufika. Kinachotushinda ni kuendelea. Mtoto akishahitimu msahafu twamfanyia karamu, twamvika kanzu mpya, na Kiarabu chake kinabaki hapo hapo: akijua kukisoma asijue kukinena.

Wala si jambo geni katika dini yetu kwamba mjumbe hufunzwa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoona kwamba barua za Mayahudi zasomwa na watu wao wenyewe, alimwamuru kijana Zaid bin Thabit ajifunze maandishi yao. Wapokezi wataja kwamba alijifunza kwa muda wa nusu ya mwezi, akawa ndiye asomaye ziletwazo na aandikaye zipelekwazo. Hapana aliyesema kwamba Zaid ni mtu mwema, basi yatosha.

Pwani hii nayo haikuanza jana kupeleka wajumbe. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika Uchina kwa mfalme Yongle, nao walimpelekea twiga. Mwaka 1840 Sayyid Said alimtuma karani wake, Ahmad bin Na'aman, kwa jahazi la Sultana kutoka Unguja mpaka New York, akatia nanga huko mwezi wa Aprili. Watu wa mji ule walijazana bandarini kumtazama, na mchoraji Edward Mooney akamchora, na picha ile ipo mpaka leo. Katika zawadi alizozipeleka kwa Rais Van Buren mlikuwa na farasi wawili. Hapo ndipo palipotokea tatizo: katiba ya Marekani yamzuia mwenye cheo kupokea zawadi ya mfalme wa kigeni pasi na idhini ya Bunge lao. Mzawadi ana nia njema, mzawadiwa ana sheria yake. Rais hakujitwalia farasi wale. Walihesabiwa mali ya serikali, wakauzwa.

Ahmad bin Na'aman hakusomea chuo kikuu chochote, na kazi yake aliifanya kwa heshima. Ila kisa kile cha farasi chaonyesha jambo ambalo ulimi mtamu haulitatui. Siku hizi sheria ziko nyingi zaidi. Uko Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, ambao ndio mama wa kazi hii. Humo mmeandikwa kwamba nyumba ya ubalozi haiingiwi na askari wa nchi mwenyeji ila kwa ruhusa, kwamba mwili wa balozi haushikwi, kwamba mfuko wake wa barua haufunguliwi. Mmeandikwa pia kwamba nchi mwenyeji yaweza kumwambia mjumbe yeyote wakati wowote kuwa hatakikani, na haiulizwi sababu. Na mmeandikwa, jambo ambalo wengi hulisahau, kwamba mwenye kinga hiyo ana wajibu wa kuzifuata sheria za mji aliofikia. Mtu asiyelisoma hilo akapelekwa nchi ya watu, atajiharibia mwenyewe na ataiaibisha nchi yake.

Mfano mkubwa wa haya nisemayo tunao jirani. Dkt. Salim Ahmed Salim, Mzanzibari aliyezaliwa mwaka 1942, aliteuliwa kuwa balozi nchini Misri mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 22. Miaka ishirini na miwili! Huo ni umri ambao huku kwetu kijana angali akitumwa sukari dukani. Watu wakikihadithia kisa hiki barazani huishia hapo, na kila mzee humtazama mwanawe kwa jicho la "umesikia?" Wanaloliacha ndilo nilipendalo mimi. Alipohamishiwa India mwaka 1965, aliingia Chuo cha St. Stephen's katika Chuo Kikuu cha Delhi, akasoma. Mwakilishi kamili wa nchi, apigiwaye saluti mlangoni, akaketi darasani na vijana wasiokuwa na cheo chochote. Baadaye akawa mwakilishi wa Tanzania katika Umoja wa Mataifa, New York, alikokaa miaka kumi tangu mwaka 1970. Mji ule ule una Chuo Kikuu cha Columbia, naye akajiandikisha huko, akatoka na shahada ya pili katika mambo ya kimataifa.

Na hakuwa mtu asiyekuwa na kazi. Miaka hiyo aliongoza ile kamati ya Umoja wa Mataifa iliyoshughulikia kuondoa ukoloni, na mwaka 1971 alikuwa mbele katika wale walioipigania Jamhuri ya Watu wa Uchina ipewe kiti chake. Mwaka 1979 akawa Rais wa Baraza Kuu. Mwaka 1981 aliwania Ukatibu Mkuu, na kura ya turufu ya Marekani ikamzuia duru baada ya duru, huku Uchina nayo ikimzuia Kurt Waldheim aliyetaka muhula wa tatu, mpaka wote wawili wakakaa kando na cheo kikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Kisha aliongoza sekretarieti ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1989 hadi 2001. Mtu huyu alikuwa na cheo kabla ya shahada, na bado akaitafuta shahada. Vijana wetu wamtajao hawana cheo wala shahada, na wamngoja mtu wa kuwateua.

Mlango ule wa 1964 ulikuwa mlango wa dharura. Nchi zilikuwa changa, waliosoma walihesabika kwa vidole, na kijana mwenye akili aliweza kuokotwa njiani. Mlango huo umefungwa. Ni kweli kwamba nchini Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, Rais humpendekeza balozi na Bunge la Taifa likamuidhinisha, na ni kweli kwamba katika wanaopendekezwa hamkosi wanasiasa walioanguka uchaguzi wakatafutiwa mahali pa kupumzikia. Sisemi kwamba wote hawafai. Lakini nyuma ya kila balozi kuna maafisa: makatibu wa kwanza, wa pili na wa tatu, wanaoandika, wanaopima, wanaokesha katika mikutano. Hao ndio ubalozi wenyewe. Mkubwa huja na kuondoka na serikali yake, hao hubaki. Na kwao hakuingiwi kwa kuteuliwa, huingiwa kwa karatasi.

Karatasi hizo zapatikana wapi? Si lazima mtu aende ng'ambo. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza mpango wa kufunza wanadiplomasia mwaka 1973, mpango ambao baadaye uligeuka kuwa Taasisi ya Diplomasia na Mafunzo ya Kimataifa, na maafisa wengi wa Afrika wamepita hapo. Kurasini, Dar es Salaam, kuna chuo kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa mapatano ya serikali za Tanzania na Msumbiji. Siku hizi chaitwa kwa jina la huyo huyo Dkt. Salim. Na hapa Kenya Sheria ya Huduma za Nje ya mwaka 2021 imekitambua chuo maalumu cha kuwafunza maafisa wa Wizara ya Mambo ya Nje, ambao hupata mafunzo hata baada ya kuajiriwa. Washington wana chuo chao cha Georgetown kilichofunguliwa mwaka 1919, lakini huko ada yake ni hadithi nyingine.

Mwezi wa Mfunguo Mosi jirani yangu, mwenye duka la vitambaa, alinijia barazani baada ya Alasiri, na bintiye aliyemaliza kidato cha nne.

"Maalim," akaniambia, "huyu ataka ubalozi. Mimi namwambia ubalozi haupatikani ila kwa kujuana. Hebu mwambie wewe, labda atasikia."

Nikamgeukia binti. Akasema, "Ami, mimi sikuuliza kama utapatikana. Niliuliza nisome nini."

Nilipenda jibu lake, na nilimwambia haya. Hakuna somo moja liitwalo ubalozi ambalo ukilikosa mlango umefungwa. Wako waliosomea sheria, na hao wana faida kubwa kwa sababu mikataba yote ni sheria. Wako waliosomea uchumi, nao watakikana zaidi kila mwaka, kwa kuwa mazungumzo mengi ya mabalozi siku hizi ni ya biashara, ya mikopo, ya samaki na ya mipaka ya bahari. Wako wa historia na siasa. Vyuo vikuu kadha vya Kenya vyafundisha uhusiano wa kimataifa tangu shahada ya kwanza, lakini ushauri wangu ni kwamba mtu ashike kwanza fani yenye mifupa, kisha shahada ya pili au stashahada ya diplomasia ije juu yake kama nyama. Nikamtajia Bi Amina Mohamed. Alisomea sheria Kiev, katika nchi na lugha isiyokuwa yake, kisha akachukua stashahada ya uhusiano wa kimataifa Oxford. Mwaka 2005 akawa mwanamke wa kwanza kuliongoza Baraza Kuu la Shirika la Biashara Duniani, na tangu 2013 hadi 2018 alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya. Baba mtu akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kama huko Kiev kulikuwa na nyama ya halali. Nikamjibu kwamba yeye Mungu atamjaalia Nairobi.

Hapo lakini pana kundi jingine ambalo lanitia uchungu zaidi ya binti huyu, na hilo ni la vijana wetu waliosoma katika vyuo vya nchi za Kiarabu. Kila mwaka hurudi wakiwa na Kiarabu ambacho wale vijana wa Vienna wangekitolea jicho moja. Na warudipo, kazi waionayo mbele yao ni ya madrasa au ya kufasiri hati za wafanya kazi waendao Ghuba. Namjua mmoja aliyekaa ng'ambo miaka saba. Alipoomba kazi katika ofisi moja ya umma, barua yake ya Kiingereza ilimwangusha kabla hajaulizwa neno la Kiarabu. Nchi yetu ina mabalozi Riyadh, Cairo, Abu Dhabi na kwingineko, ina maelfu ya watu wake waliokwenda kufanya kazi katika majumba ya huko, wengine katika dhiki. Mwenye kuwasikiliza wale kina mama na kumjibu afisa wa polisi wa huko kwa lugha yake mwenyewe ni hazina. Lakini hazina hiyo yataka mambo mawili. La kwanza, digrii ya nje itambuliwe na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na jambo hilo ni bora lifuatwe kabla ya kijana kupanda ndege, si baada ya kurudi. La pili, Kiingereza cha kuandikia, maana faili za Nairobi haziandikwi kwa Kiarabu.

Wale wasiopenda siasa wana njia ya kando, nayo ni ukalimani. Kiarabu ni lugha rasmi ya Umoja wa Mataifa tangu mwaka 1973, na makao ya Umoja huo yaliyo Gigiri, Nairobi, ni moja katika makao yake makuu manne duniani. Wakalimani wa lugha nyingine huingiza maneno katika lugha yao ya kuzaliwa tu. Wale wa Kiarabu na wa Kichina hufanya kazi pande zote mbili: humsikiliza Mwingereza wakasema Kiarabu, na humsikiliza Mwarabu wakasema Kiingereza au Kifaransa. Ndiyo maana Kiarabu peke yake hakimfikishi mtu katika chumba kile. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kituo cha kufunza tafsiri na ukalimani. Na tangu mwaka 2022 Umoja wa Afrika umekikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya kazi, kwa hiyo hata ulimi wetu wa nyumbani umeanza kutafutiwa watu waliosomea.

Nimelibakisha moja, nalo latuhusu sisi watu wa pwani hasa. Ni maandishi. Sehemu kubwa ya kazi ya afisa wa ubalozi ni kuandika taarifa kwenda nyumbani: nimeonana na fulani, kasema hivi, maana yake ni hivi, nashauri tufanye hivi. Taarifa hiyo husomwa na mtu mwenye taarifa nyingine arubaini mezani. Sasa sisi barua zetu zaanza kwa salamu, zaendelea kwa dua, zauliza hali ya wakubwa na wadogo, zataja mvua, na haja yenyewe huipata chini kabisa, karibu na wasalaam. Ni adabu nzuri na mimi mwenyewe nimelelewa nayo, na mbele ya shekhe wa Ghuba adabu hiyo itamsaidia mjumbe kuliko shahada yoyote. Lakini adabu hiyo ni ya mdomo. Katika taarifa haja hutangulia, tena haipiti ukurasa mmoja.

Tangu siku ile ya jirani yangu nimewapa vijana saba wa mtaa wetu kazi moja. Kila Alhamisi kila mmoja huchagua habari moja ya redio au ya gazeti juu ya nchi ya kigeni, akaiandika kwa Kiingereza katika ukurasa mmoja: kumetokea nini, kwa nini, na Kenya yahusika vipi. Watatu wameacha. Wawili huleta wakikumbuka. Binti wa mwenye duka ameleta kila wiki bila ya kukosa. Ile ya kwanza ilikuwa na salamu mistari minne na nukta moja tu katika ukurasa mzima. Ya juma lililopita ilihusu mchele wa Pakistani, na mstari wake wa kwanza ulitaja bei.